Jeneza Lenye Dirisha

Juma lililopita niliitazama tena Vampyr, filamu ya Carl Theodor Dreyer iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 6 Mei 1932. Nasema tena, ingawa mara ya kwanza sikuifikisha mwisho. Miaka michache iliyopita niliianza mchana, mapazia yakiwa wazi na simu ikiwa mkononi, na baada ya dakika 20 hivi nilikuwa nimeshapotea. Mzee huyu aliyeingia usiku katika chumba cha mgeni ametoka wapi? Kwa nini ndani ya maji inaonekana taswira ya mtu akikimbia, ilhali ukingoni hakuna anayekimbia? Nilirudisha picha nyuma mara mbili nikidhani kuna jambo limenipita. Hakuna lililokuwa limenipita. Filamu ilikuwa imeamua kutoniambia, nami nikaizima kwa hasira ya mtu aliyetegewa kitendawili, akashindwa, akatoa mji, na bado akanyimwa jibu.

Safari hii nilisubiri usiku uingie. Nilizima taa, nikaiacha simu chumba kingine, nikajiwekea sharti moja tu, kwamba nisiisimamishe picha hata kama sielewi kitu. Filamu yenyewe ina dakika 73, muda ambao mtu huupoteza kwa mambo madogo kuliko hayo. Ilipokwisha sikuwasha taa mara moja. Tangu usiku ule kuna jambo moja lililonikaa moyoni, nalo ndilo lililonifanya niandike: mwendo wa polepole wa filamu hii, ule ule ulionichosha mara ya kwanza, ndiyo hofu yenyewe. Ukiuondoa, hakibaki cha kuogopa.

Kisa chenyewe ni rahisi kukisimulia kuliko kukitazama. Kijana aitwaye Allan Gray, aliyezama mno katika masomo ya mashetani na wafu wanaonyonya damu, anafika jioni katika nyumba ya wageni iliyo kando ya mto, katika kijiji cha Courtempierre nchini Ufaransa. Usiku ufunguo unazunguka wenyewe mlangoni, anaingia mzee aliyevaa joho la kulalia, anamwambia kwamba binti yake hapaswi kufa, kisha anaacha mezani kifurushi chenye maandishi kwamba kifunguliwe baada ya kifo chake. Gray anatoka kufuata vivuli, anafika katika jengo kuukuu ambamo bibi kizee na daktari mmoja wana shughuli zao za siri, halafu anaifikia nyumba ya yule mzee dakika chache kabla mzee hajapigwa risasi. Mmoja wa mabinti wawili wa nyumba hiyo, Léone, anaugua ugonjwa wa kuishiwa damu. Yaliyobaki ni namna Gray na mtumishi mmoja wa siku nyingi wanavyotambua kwamba bibi kizee yule alikwisha kufa zamani na kwamba kaburini hatulii. Dreyer alianzia kwenye hadithi za Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Ireland, katika kitabu chake cha mwaka 1872, lakini alichukua chembe tu, kama mpishi anavyochukua chumvi.

Dreyer alikuwa Mdenmark, mzaliwa wa Copenhagen wa mwaka 1889. Mwaka 1928 alikuwa ametengeneza nchini Ufaransa filamu bubu kuhusu mateso ya Jeanne d'Arc, yule msichana shujaa wa Ufaransa aliyechomwa moto, ambayo wahakiki waliisifu sana lakini haikurudisha fedha zake, na baada ya hapo makampuni hayakuwa na haraka ya kumpa nyingine. Aliyemwokoa ni kijana wa ukoo wa kitajiri, Baron Nicolas de Gunzburg, ambaye alikubali kuigharimia filamu kwa sharti kwamba yeye ndiye acheze mhusika mkuu. Alicheza kwa jina la Julian West. Hakuwa mwigizaji kabla ya hapo wala hakuwa mwigizaji baada ya hapo. Miaka ya baadaye alihamia New York akawa mhariri wa magazeti ya mitindo ya mavazi. Wapo wanaosema uso wake mrefu usiobadilika ndio udhaifu mkubwa wa filamu, kwamba anatembea ndani ya mambo ya kutisha kama mtu anayetafuta kofia yake. Mara ya kwanza ningekubaliana nao. Sasa naona kinyume. Mwigizaji hodari angeshtuka pale tunapotakiwa kushtuka, angelia kwa niaba yetu, nasi tungepumua. Gunzburg anatazama tu kwa macho yake makubwa, na kwa kuwa haogopi kwa niaba yangu, hofu yote inaniangukia mimi.

Wengi wa waliomzunguka hawakuwa waigizaji wa fani pia. Sybille Schmitz, aliyecheza Léone, alikuwa mwigizaji, na vilevile Maurice Schutz, yule mzee mwenye nyumba, ambaye alikwisha kufanya kazi na Dreyer katika filamu ya mwaka 1928. Wengine walichaguliwa kwa sura zao. Daktari, mwenye nywele nyeupe zilizotimka na miwani midogo, alichezwa na Jan Hieronimko, ambaye alikuwa mwandishi wa habari kutoka Poland. Hawa ni watu ambao nyuso zao hazijazoea kamera, na uso usiozoea kamera una uzito wa aina yake, kwa sababu hauonyeshi kitu, unakuwepo tu. Daktari yule anapopanda ngazi taratibu, akishika mkongojo, sidhani kama kuna sekunde moja anayoonekana kufanya ubaya. Anaonekana kama daktari mzee aliyechoka, anayekwenda kwa mgonjwa usiku, na ndiyo maana nilitaka kumpigia kelele msichana asimfungulie mlango.

Nieleze kidogo kuhusu sura ya picha, maana bila hiyo huwezi kuelewa ninachokizungumzia. Hakuna chumba kilichojengwa studioni. Dreyer na mpigapicha wake, Rudolph Maté, walipiga picha zote katika majengo halisi na mashamba halisi, na mambo mengi waliyapiga wakati wa alfajiri na machweo. Kisha waliweka shashi mbele ya lenzi na kuimulika, ili mwanga ulioakisiwa na kitambaa uingie kwenye lenzi na kuipaka picha nzima rangi ya kijivu iliyopauka. Matokeo yake ni kwamba katika filamu hii giza si jeusi. Tumezoea filamu za kutisha kuficha kitu gizani, nasi tukakodoa macho pembeni tukingoja kiruke. Hapa kila kitu kinaonekana, lakini hakuna kinachoonekana vizuri. Ukungu umekaa juu ya meza, juu ya ngazi, juu ya paji la uso la mtu, na saa haijulikani kama ni kumi na moja alfajiri au kumi na mbili na nusu jioni. Kiswahili kina neno la hali hiyo pale mtu anapokuwa kitandani: mang'amung'amu, usingizi ambao haujawa usingizi. Sikuwahi kuona picha zilizopigwa ndani ya mang'amung'amu mpaka nilipoiona Vampyr.

Sauti nayo ina historia yake. Mwaka 1930, walipoanza kupiga picha, filamu zenye sauti zilikuwa jambo jipya na vifaa vyake vilikuwa vizito, hivyo Dreyer aliipiga kama filamu bubu, kisha maneno, muziki wa Wolfgang Zeller na vishindo vikaongezwa baadaye. Waigizaji walitakiwa kuzitamka sentensi zao kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza ili pawepo toleo la kila soko, na kwa hiyo maneno yalipunguzwa mpaka yakabaki machache mno. Mtu anaweza kusema basi ukimya wa filamu hii umeletwa na uhaba wa vifaa. Pengine. Lakini sikiliza namna sauti chache zilizomo zinavyokuja: zinatoka mbali, hazikai sawasawa na midomo, na mara nyingine unasikia sauti ya mtoto akilia au mbwa akibweka mahali ambapo, mhusika mmoja anamhakikishia mwenzake, hakuna mtoto wala mbwa. Mtu anayesinzia husikia hivyo hivyo mazungumzo ya watu walio sebuleni.

Tukio lililonifungulia mlango wa kuielewa ni dogo, wala halimhusu mnyonya damu. Katika lile jengo kuukuu Gray anamwona askari mwenye mguu mmoja wa mti. Anachokiona kwanza, hata hivyo, ni kivuli chake. Kivuli kinatembea ukutani peke yake, kikichechemea, bunduki begani, na hakuna mtu mbele ya taa. Kinapanda, kinashuka, kinapita. Baadaye kamera inamfikia askari mwenyewe ameketi kwenye benchi, ametulia, na ukuta ulio nyuma yake ni mtupu. Halafu kivuli kinarudi kutoka kwenye matembezi yake, kinakaribia, kinakaa mahali pake nyuma ya mgongo wa mwenyewe, na wakati huo huo ndipo wawili wanapokuwa kitu kimoja. Askari hashangai. Hakuna muziki unaopanda. Kamera haisogei karibu ili kutuonyesha jambo lenyewe, wala haibaki kulishangilia. Inaondoka na kuendelea na njia yake.

Nililitazama tukio hilo nikiwa nimezuia pumzi. Filamu nyingi, zikishabuni jambo kama hilo, zingelifanya nguzo ya hadithi na kutueleza ni nani aliyemtenganisha askari na kivuli chake. Dreyer analiacha lipite kama paka anavyopita uani. Vivyo hivyo kwa kile kivuli cha mchimba kaburi nje ya jengo, ambacho udongo wake unapaa kutoka nje na kurudi kwenye koleo, kwa sababu picha imegeuzwa na kuendeshwa kinyumenyume. Unaliona, unataka kuliangalia zaidi, limekwisha kwenda. Jinsi kamera ya Maté inavyotembea inazidisha hali hiyo. Inamfuata Gray, kisha inamwacha, inatambaa ukutani, inachungulia mlango mwingine, na mara nyingine inamkuta akitokea upande ambao hakupaswa kutokea. Baada ya nusu saa ya mwendo huo nilijikuta siiamini tena ramani yoyote ya nyumba ile. Sikujua chumba kipi kiko karibu na kipi. Nilipojaribu kukumbuka tulipopitia, sikuweza, kama mtu anavyoshindwa kusema ndotoni aliingiaje sokoni kutoka darasani.

Yapo maelezo ya Dreyer mwenyewe yaliyohifadhiwa, ya wakati wa kupiga picha za filamu hii, ambayo nayarudia kwa maneno yangu. Alisema tufikirie tumekaa katika chumba cha kawaida, kisha ghafla tunaambiwa kwamba nyuma ya mlango kuna maiti. Papo hapo chumba kinabadilika. Taa ni ile ile na viti ni vile vile, lakini kila kitu kimechukua sura nyingine, kwa sababu sisi ndio tuliobadilika, na vitu viko jinsi tunavyovifikiria. Alitaka kuifikia hali hiyo kwa picha. Nilipoyasoma maneno hayo niliona ni kwa nini filamu yake haiwezi kwenda haraka. Chumba hakibadiliki machoni pa mtu anayekipita mbio. Lazima upewe muda wa kukaa humo, ukitazame kiti, urudi kukitazama tena, mpaka kiti chenyewe kianze kukuhofisha. Na mimi mara ya kwanza nilikuwa na simu mkononi. Kila chumba kilipokaribia kubadilika, nilikuwa nimekwisha kuondoka.

Kuna dakika kadhaa za Sybille Schmitz ambazo ningependa kila anayependa uigizaji azione. Léone ameokotwa bustanini usiku, ambako bibi kizee alikutwa ameinama juu yake, na amerudishwa nyumbani. Yuko kitini, amejifunika, analia, anatamani kufa. Ndugu yake Gisèle yuko karibu. Kilio kinapungua. Uso unatulia, na unadhani amepata nafuu. Kisha macho yanainuka, yanampata Gisèle, na midomo inaanza kufunguka, kidogo, kidogo, mpaka meno yanaonekana, na tabasamu lile linamfuata Gisèle kichwa kikigeuka taratibu jinsi anavyorudi nyuma. Hakuna meno marefu ya bandia. Hakuna damu. Ni meno ya kawaida ya mwanamke mgonjwa. Kama Dreyer angekata picha na kutuonyesha uso wa kwanza kisha wa pili, tungeona tu kwamba amegeuka. Kwa kuuacha uso ugeuke wenyewe mbele yetu, bila kukata, anatulazimisha tutafute ni sekunde ipi Léone aliondoka na mwingine akaingia, na sekunde hiyo haipatikani.

Sasa nifike kwenye tukio la jeneza, ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu.

Gray ametoa damu yake ili Léone aongezewe, na amedhoofika. Katika kuwafuatia wabaya anaanguka, kisha anaketi kwenye benchi nje. Mwili wake unabaki pale umeinama, na kutoka ndani yake anasimama Gray wa pili, mwepesi, anayepenyeka kama moshi, naye anakwenda mpaka ndani ya jengo. Humo anakuta jeneza. Analifunua. Aliyelala ndani ni yeye mwenyewe, macho wazi.

Mpaka hapo tulikuwa tukimtazama. Halafu wenye shughuli wanakuja na kifuniko. Kifuniko kina dirisha dogo la kioo, sawasawa na mahali uso ulipo, na kinapowekwa juu, kamera inakuwa imehamia ndani. Tumelala chali. Tunachokiona ni mraba ule tu. Tunamwona askari akizungusha parafujo juu yetu, kwa utaratibu, kama fundi anayetaka kazi yake isije ikalegea. Mshumaa unawashwa, unasimamishwa juu ya kioo, na mwali wake unacheza pale juu ya macho yetu. Kisha bibi kizee anainama, anauchukua mshumaa, anachungulia. Uso wake, mkubwa, mweupe, wa mikunjo, unakijaza kioo. Hatutishi. Anakagua tu, kama mtu anayeangalia chakula kimeiva, halafu anaondoka.

Jeneza linanyanyuliwa. Dari inaanza kusogea. Fremu ya mlango inapita juu yetu, ikifuatiwa na anga, matawi ya miti, ukuta wa kanisa ukipanda mpaka mnarani, kisha tena mawingu. Tunayumba kwa hatua za wachukuzi. Tukio linachukua muda wake wote. Dreyer hakutupunguzia hata hatua moja ya njia, na mimi nilikaa pale sebuleni nikiwa nimekaza mikono kwenye kiti, nikitazama miti inayopita juu yangu kwa mwendo ambao si mimi ninayeuamua.

Waswahili husema mtu amekabwa na jinamizi. Imenipata mara tatu au nne maishani, na aliyepatwa hahitaji kuelezwa. Umelala chali, macho yako yanaona, chumba ni chako, mlango ni ule ule, pazia linatikisika. Unasikia. Una akili zako zote. Ila kidole hakinyanyuki na sauti haitoki, na kuna kitu, au mtu, kimo chumbani kikifanya shughuli zake bila haraka yoyote, kwa sababu kinajua huwezi kuinuka. Kutokuwa na haraka kwake ndiko kunakoumiza. Anayekukimbilia na kisu walau anakiri kwamba unaweza kukimbia.

Nilipokuwa ndani ya lile jeneza ndipo nilipoelewa kwamba filamu nzima, tangu mwanzo, ilikuwa imeniweka katika hali hiyo kidogokidogo. Kijivu kile, sauti zile za mbali, vivuli vilivyopita bila kuelezwa, kamera iliyokwenda ilikotaka, vyote vilikuwa vikinizoeza kutazama bila kuwa na uwezo wa kutenda. Kioo cha jeneza na kioo cha televisheni yangu vikawa kioo kimoja. Naamini ndiyo sababu Dreyer aliliweka dirisha kwenye kifuniko. Maiti hahitaji dirisha. Anayelihitaji ni mtazamaji.

Wachukuzi wanapita karibu na benchi. Pale benchini mwili wa Gray bado umeketi. Jeneza na waliolibeba wanafifia mpaka wanatoweka, naye anaamka.

Nisiifanye kuwa filamu isiyo na kasoro. Kile kifurushi alichoacha mzee kina kitabu kuhusu wanyonya damu, na mara kadhaa filamu inasimama ili tusome kurasa zake, moja baada ya nyingine, zikieleza wafu hawa ni akina nani, huwatumiaje walio hai, na huangamizwaje. Ni kweli kwamba kurasa hizo zinaleta uzito wa hukumu iliyokwisha kuandikwa kabla sisi hatujafika. Hata hivyo zinaeleza, na katika filamu iliyojengwa kwa kutoeleza, kila ukurasa ulinirudisha kitini mwangu, taa zikawaka kichwani. Nilitamani Dreyer angekuwa na ujasiri wa kuzipunguza. Pia tukio la kulifungua kaburi la bibi kizee na kumpigilia mhimili wa chuma moyoni linakwenda kama kazi ya wajibu, la kutimiza masharti ya kitabu. Nadhani yeye mwenyewe hakulipenda sana.

Jambo linalonihuzunisha ni yaliyoipata filamu hii ilipotoka. Mwaka 1931 Marekani ilikuwa imetoa filamu zake za Dracula na Frankenstein, zenye maneno mengi, sura za kutisha zilizopakwa vizuri, na mwovu ambaye mtazamaji anamtambua mara tu anapoingia mlangoni. Vampyr ilipoonyeshwa Berlin mwaka uliofuata, watazamaji waliizomea, na Dreyer akapunguza baadhi ya sehemu zake. Haikuleta fedha. Alirudi kwenye uandishi wa habari, na filamu yake ndefu iliyofuata, Vredens Dag, haikutoka mpaka mwaka 1943. Miaka 11. Ninapofikiria kwamba mtu aliyejua kuupiga picha ukungu wa akili ya mwanadamu alikaa muda huo wote bila filamu ndefu, nashikwa na uchungu ambao siwezi kuuficha. Hata negativu za awali, yaani utepe wa kwanza uliotoka kwenye kamera, zimepotea. Tunachokitazama leo kimeunganishwa kutoka katika nakala zilizosalia za toleo la Kijerumani na la Kifaransa. Kwa hiyo yapo mikwaruzo, zipo sehemu zilizofifia kuliko Maté alivyokusudia, na mahali pengine sikuweza kujua kama ninachokiona ni shashi yake au ni uzee wa utepe.

Kwa anayetaka kuitazama, namsihi asiitazame vipandevipande. Aitengee usiku mmoja. Atafute nakala iliyofanyiwa ukarabati, yenye sauti ya Kijerumani, na asihangaike sana na tafsiri iliyo chini ya picha, kwa kuwa maneno ni machache na mengi hayana msaada. Akisinzia kidogo katikati, asijilaumu. Mimi nilisinzia, kwa dakika moja au mbili, wakati Gray naye alikuwa amesinzia kitini, na nilipofungua macho sikuwa na hakika kama mifupa niliyoiona ikishika kichupa ilikuwa ya filamu au yangu. Ilikuwa ya filamu. Nilirudi kuhakiki kesho yake.

Mwisho wake una mambo mawili yanayokwenda pamoja, yakikatizana. Daktari anakimbilia kwenye kinu cha kusaga unga, anaingia katika kizimba cha waya, mlango unajifunga nyuma yake. Juu, mtumishi wa zamani anawasha mitambo. Magurudumu ya meno yanaanza kuzunguka, na unga unaanza kushuka, mweupe, laini, bila kelele, kama vile mvua ya manyunyu. Unamfikia miguuni. Unamfikia kiunoni. Anashika waya, anaita, miwani inapakwa unga, nywele zake nyeupe zinazidi kuwa nyeupe. Katika filamu ambayo giza lake ni la kijivu, kifo cha kutisha kuliko vyote ni hiki cheupe kabisa, na chenyewe pia hakina haraka, kinapanda kwa kimo cha kidole baada ya kidole.

Wakati huo huo Gray na Gisèle wamo ndani ya mashua mtoni, ukungu umewazunguka hata hawaoni kingo, na sauti za kuitana zinasikika kutoka ng'ambo. Tunarudi kwa daktari. Tunarudi mashuani. Kila tunaporudi, unga umepanda na ukungu umefunga zaidi, mpaka nikawa siwezi tena kutenganisha weupe wa huku na weupe wa kule. Kisha mashua inagusa nchi kavu. Wanashuka, wanaingia katikati ya miti mirefu, na kwa mara ya kwanza jua linaonekana, likipenya kati ya mashina. Wanatembea kuelekea kwenye mwanga huo, bila kusema neno. Kwenye kizimba mkono umebaki umeshika waya, kisha haupo. Picha ya mwisho ni ya magurudumu ya kinu, yakipunguza mwendo, jino baada ya jino, mpaka yanasimama.